Ndege wa Mia Mbili

Maziwa ya Cotterby hayakuwa na lolote la kumfanya mpita njia ageuze shingo. Yalikuwa mashimo matatu yaliyochimbwa zamani kutoa kokoto za barabara, kisha yakaachwa yajae maji ya mvua. Upande mmoja yalipakana na barabara kuu ambako magari yalinguruma usiku na mchana, upande wa pili na shamba la biti za sukari, mizizi minene kama viazi vikubwa, na ukingoni mwa shimo kubwa palisimama kibanda cha mbao chenye madirisha membamba, ambamo watu walijificha ili kutazama ndege. Ndani ya kibanda hicho mlikuwa na benchi, daftari kubwa lililofungwa kwa kamba, na Bernard Ottley.

Bernard alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, mrefu na mkavu, aliyestaafu kazi ya kutahini madereva. Kazi hiyo ilimwachia tabia moja: hakuridhika upesi. Kwa muda wa miaka ishirini na sita alikuwa akishuka Cotterby kila asubuhi, darubini shingoni, kuhesabu ndege na kuandika hesabu yao katika daftari. Alihesabu akiwa na mafua, alihesabu siku goti lake lilipovimba kama boga, na asubuhi ya mazishi ya mama mkwe wake alihesabu mapema zaidi ili asichelewe kanisani. Hakuna ukurasa hata mmoja wa daftari lile uliokosa hesabu ya siku.

Chama cha watazama ndege cha wilaya kilipoona bidii hiyo, kilimfanya mweka kumbukumbu wake. Maana yake ni kwamba kila aliyeona ndege asiye wa kawaida ilimbidi amjazie Bernard fomu. Fomu iliuliza ukubwa wa ndege, umbali wake, mwanga ulikuwaje na upepo ulivuma kutoka wapi, na Bernard aliisoma na kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mwenye heshima zake, aliandika kurasa nne kuhusu tai aliyempitia juu ya bustani, akarudishiwa zote zikiwa na neno moja la rangi nyekundu: “Miguu?” Mwalimu akaacha ndege, akaanza kufuga nyuki.

Sasa, katika miaka hiyo yote Bernard alikuwa ameona Cotterby aina mia moja tisini na tisa za ndege. Hakuna binadamu aliyepata kufikisha mia mbili pale. Sharti lilikuwa moja na wote walilijua: ndege lazima awe Cotterby, nawe umwone kwa macho yako mwenyewe. Picha haihesabiki, wala habari ya kusimuliwa. Kwa miaka mitatu mizima Bernard alikuwa amekwama kwenye mia moja tisini na tisa, na namba hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkewe, Glenys, alisema imekuwa mgeni nyumbani mwao asiyejua kuaga.

Tumaini lake lote lilikuwa katika mwezi wa Oktoba. Huo ndio mwezi ambao ndege wa kaskazini huhama kukimbia baridi, na asubuhi za ukungu hupotea njia, wakashuka kwenye maji yoyote watakayoyaona chini. Ndiyo maana Bernard hakukubali kualikwa popote mwezi huo. Mpwa wake aliyefunga ndoa tarehe kumi na mbili Oktoba alitumiwa zawadi ya saa ya ukutani na pole nyingi.

Yote yangekwenda salama kama si Keith Wragby. Huyu alikuwa fundi bomba mstaafu, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na yeye alikuwa mtu wa kukimbilia ndege wa kila pembe ya nchi. Akisikia ndege adimu ametua kusini, yuko kusini. Akisikia ameonekana kaskazini, hata chai haimalizi. Mwezi Septemba, kwenye mkutano wa chama, Bernard aliikataa fomu ya Keith kuhusu ndege mdogo wa kijani kutoka Siberia, kiumbe kisichozidi uzito wa kijiko cha sukari. Keith akasimama na kikombe chake mkononi.

“Samahani, mzee wangu. Huyu ndege uliyemkataa, wewe mwenyewe umeshamwona wapi?”

Bernard alijibu kwa utulivu kwamba hajamwona, ila amesoma habari zake zote.

“Ahaa. Na mimi nimesoma habari za kuzalisha. Mbona hawaniiti hospitalini?”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata Glenys, aliyekuwa akimimina chai, alicheka mpaka akaimwagia meza. Bernard alitabasamu kama mtu anayeng’olewa jino, akaenda nyumbani na kidonda chake. Alikuwa ameumia kweli, kwa sababu maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake.

Ikafika Jumanne moja katikati ya Oktoba. Saa kumi na moja alfajiri simu ya Bernard ililia mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Keith: ndege wa kijani wa Siberia ameonekana jana jioni Skelby, pwani, mwendo wa saa tatu kwa gari. “Njoo umwone,” Keith aliandika, “kabla hujamkataa na yeye.”

Bernard alisimama jikoni, mguu mmoja ndani ya buti la mpira la kwendea ziwani na mwingine ndani ya soksi. Alichungulia dirishani. Nje palikuwa na ukungu mzito, hata uzio wa jirani hauonekani. Glenys alishuka ngazi akiwa na shuka begani, akamtazama mumewe, akaitazama simu, akaelewa.

“Ukungu huu si ndio ule uliokuwa unauomba mwezi mzima?” aliuliza.

“Nitarudi alasiri.”

“Na ile ya kwamba Oktoba huendi popote?”

“Mara moja tu, Glenys. Ukungu upo kila wiki. Huyu ndege hayupo kila wiki.”

Glenys alimwambia kwamba maneno hayo hayo kaka yake aliyasema kuhusu mwanamke mmoja wa Blackpool, kisha akarudi zake kulala. Bernard alilivua buti, akavaa viatu vya safari.

Palibaki jambo moja. Daftari halikuwahi kukosa hesabu, na halingekosa leo. Bernard alikwenda kugonga mlango wa Rosalind Tebbutt, mjane aliyekuwa muuguzi wa wanyama, ambaye naye alishinda Cotterby karibu kila siku. Rosalind hakushughulika na ndege. Yeye aliandika kumbukumbu za konokono. Alitambaa kwa magoti kwenye majani yenye umande akiwa na kioo cha kukuzia, na alikuwa amepata aina arobaini na moja, jambo lililomletea barua ya pongezi kutoka jumba la makumbusho na matatizo ya mgongo. Kwa kuwa mmoja alitazama juu na mwingine chini, wawili hao hawakuwahi kugombana. Bernard alimkabidhi penseli kama mtu anayemkabidhi jirani mtoto mchanga.

“Andika bata tu,” alimwagiza. “Ukiona usichokijua, andika hakijulikani. Usikisie.”

“Na nikiona ninachokijua?”

“Rosalind, ni bata tu.”

Kule Skelby, Bernard aliwakuta watu zaidi ya mia mbili wamesimama nusu duara kwenye maegesho ya magari, kimya kama waumini, darubini zao zote zimeelekezwa kwenye kichaka kimoja nyuma ya vyoo vya umma. Simu ziliamriwa kuzimwa, maana mlio mmoja ungeweza kumfukuza ndege. Bernard akazima yake. Keith alikuwa amefika tangu alfajiri, amejaa furaha kama mtu aliyekula sikukuu mara mbili.

“Alikuwa hapo hapo, mzee,” alinong’ona. “Umemkosa kwa dakika ishirini. Lakini atatoka tu, ngoja.”

Bernard akangoja. Upepo wa bahari ulimpenya mpaka kwenye mifupa. Saa moja ilipita, ikaja ya pili. Mara kwa mara mlango wa choo ulifunguka na mtu fulani, asiyejua hili wala lile, akatoka akifunga mkanda na kukuta darubini mia mbili zimemkazia macho. Bibi mmoja aliyevaa koti la zambarau alirudi ndani mbio, akakaa robo saa nzima. Bernard alikula mkate wake wa jibini, akawa anajiambia kwamba ndege atatoka, kwamba safari haikuwa bure, kwamba Cotterby leo hakuna kitu. Alijiambia hayo mara nyingi mno kwa mtu aliyekuwa na hakika.

Ilipokaribia saa saba mchana, aliona kitu. Kilikuwa juu kushoto, kwenye tawi la tatu, kidogo, cha kijani, chenye mstari wa manjano, kikitikisika kama ndege wadogo wanavyotikisika. Mtu aliyewarudishia wenzake fomu kwa miaka kumi na moja akainua mkono na kusema kwa sauti iliyosikika maegesho yote:

“Yule pale!”

Watu mia mbili waligeuka pamoja. Kamera zilianza kulia. Bernard, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatajia madereva makosa yao, aliwaeleza watu mahali alipo, urefu wa mkia wake, na mstari wa manjano juu ya jicho. Kijana mmoja alisema anamwona vizuri sana. Mwingine aliongeza kwamba ameona hata jicho lenyewe. Hali hiyo iliendelea kwa dakika sita. Kisha mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliondoa jicho lake kwenye darubini.

“Lina kikonyo,” alisema.

Lilikuwa jani. Upepo ulivuma kidogo, likachomoka tawini, likaanguka polepole mbele ya kadamnasi yote, na hakuna aliyecheka isipokuwa Keith, ambaye ilibidi aende kuegemea ukuta wa choo. Bernard alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliifunika darubini yake, akatembea mpaka kwenye gari bila kuaga mtu, akakaa nyuma ya usukani na kuiwasha simu, ili tu apate kitu cha kutazama.

Simu ikatetemeka mkononi mwake mara sita. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa Rosalind, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

“Bernard, bata ni mia moja na kumi na wanne. Pia kuna ndege mkubwa mweupe katikati yao, mdomo wake kama mwiko. Anakoroga maji. Ni domomwiko. Najua uliniambia bata tu.”

Wa pili ulisema: “Bado anakoroga.”

Wa tatu: “Ukungu umeinuka, anaonekana vizuri mno. Yuko hatua thelathini kutoka kibandani. Sikukisia.”

Wa nne: “Sasa amelala, amesimama kwa mguu mmoja. Miguu ni myeusi, maana najua utauliza.”

Wa tano ulikuwa wa mkewe. “Rosalind amenipigia, nikashuka mwenyewe na koti la kulalia. Bernard, ni mzuri ajabu. Amevaa nyeupe tupu kama bi harusi, na anakula kama mtu anayekoroga uji. Uko wapi?”

Na wa sita, wa Glenys vilevile, ulikuwa na neno moja: “Rudi.”

Bernard hakujua alivyotoka Skelby. Domomwiko alikuwa hajawahi kuonekana Cotterby tangu shimo la kwanza lilipochimbwa. Huyo ndiye ndege aliyekuwa akimwota, na sasa alikuwa pale, hatua thelathini kutoka kwenye benchi ambalo yeye alilikalia miaka ishirini na sita, akitazamwa na mama wa konokono na mwanamke asiyeweza kumtofautisha bata bukini na bata maji. Aliendesha kwa adabu zote za sheria, kwa sababu alikuwa Bernard, ila alikuwa akimsihi ndege kwa sauti. Alimwomba alale. Alimwahidi samaki. Alipobakiza maili tano, trekta lililobeba biti za sukari lilijitokeza shambani, likaingia barabarani mbele yake, likaenda kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani, na kila lilipokaribia kona biti moja iliporomoka na kubingirika kuelekea gari lake. Barabara ilikuwa nyembamba, hakuna pa kupita. Mtahini wa madereva aliyestaafu alipiga honi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alifika saa kumi na dakika ishirini alasiri. Aliteremka mteremko wote akikimbia, goti bovu na yote, akausukuma mlango wa kibanda. Rosalind alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi, chupa ya chai pembeni. Alimtazama Bernard kwa huruma iliyotosha kuwa jibu, lakini alijibu kwa maneno pia, maana alikuwa muuguzi na alijua habari mbaya haifai kucheleweshwa.

“Ameondoka. Saa kumi na dakika tano. Alizunguka juu ya maji mara mbili, akaelekea kusini.”

Bernard akaketi. Dirishani maji yalikuwa yametulia, bata mia moja na kumi na wanne wako juu yake, na hakuna ndege mwingine. Machozi yalimlenga, wala hakujisumbua kuyaficha. Rosalind alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akalivuta daftari na kumsogezea.

“Sijaandika bado,” alisema. “Nilikungoja.”

“Uningoje nini? Wewe ndiye uliyemwona.”

“Mimi na Glenys tumezungumza.” Rosalind aliyashusha macho, akawa kama anatafuta konokono sakafuni. “Leo hapakuwa na mtu mwingine hapa, Bernard. Wote wamekwenda huko pwani. Andika jina lako juu, sisi tuandike chini. Glenys amesema hatatamka neno, na mimi nani aniulize? Miaka ishirini na sita, jamani. Mtu hawezi kunyimwa kwa robo saa.”

Akamtilia penseli mkononi. Bernard alilitazama lile daftari na akataka, tena alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu alipomposa Glenys. Hakuna kalamu nyekundu ambayo ingemfikia. Kalamu nyekundu ilikuwa yake. Aliandika tarehe. Aliandika: “Domomwiko, mmoja.” Kwenye nafasi ya aliyemwona aliandika herufi B, akaitia nukta, mkono ukasimama. Bata mmoja nje akapiga kelele kama anayedai jibu.

Bernard aligeuza penseli, akaisugua ile herufi kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Mahali pake akaandika, kwa mwandiko wake ulionyooka: “R. Tebbutt. G. Ottley.” Akajaza umbali, mwanga na upepo, akauliza rangi ya miguu japo alikwishaambiwa, Rosalind akamjibu tena bila kukasirika. Akafika kwenye nafasi ya mwisho, ile ya maelezo mengineyo, ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Hapo alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri: “Mweka kumbukumbu hakuwepo. Alikwenda Skelby kutazama jani.”

Rosalind alipoyasoma alicheka mpaka akashika mgongo wake. Bernard naye alianza kucheka, kidogo kidogo, kama injini ya gari kuukuu inayokataa kuwaka kisha ikawaka, na alipofika nyumbani akamsimulia Glenys habari ya jani mwanzo hadi mwisho, bila kuficha hata dakika moja ya zile sita. Glenys alimkumbatia. Kisha akamwambia kwamba yeye, Glenys, sasa ana ndege mmoja asiyekuwa naye Bernard, na angependa jambo hilo litajwe kwenye mkutano wa chama.

Lilitajwa. Na mpaka leo Bernard Ottley ana ndege mia moja tisini na tisa. Amefelisha madereva elfu kadhaa katika maisha yake, na siku ile alijifelisha mwenyewe bila kuonewa na mtu. Simu yake bado hulia alfajiri ikimtajia maajabu ya nchi za mbali, naye huisoma, huishusha mezani, kisha huvaa mabuti yote mawili. Yeye hakuwasikia wahenga wetu, ikabidi afundishwe na mwiko wenye mabawa. Wewe uliyewasikia huna cha kujitetea: usiache mbachao kwa msala upitao.